Je, Wajua? Mbwa, Farasi na Kitwitwi Kwenye Mchanga Mmoja

Alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, ufuo huwa umeshapata wenyewe wake. Mvuvi anakagua nyavu. Watoto wanaokota makombe. Mtu na mbwa wake wananyoosha miguu. Na palepale maji yanapolamba mchanga kuna kikundi cha vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani, wanaolikimbia wimbi linapokuja na kulifuata linaporudi, kana kwamba wote wamefungwa uzi mmoja.

Wengi wetu tunawaona ndege hao kama pambo la pwani. Kumbe mchanga huo ndio jiko lao na kitanda chao, na kwa baadhi yao ndipo wanapozalia. Katika nchi nyingi spishi kadhaa za ndege hao zinalindwa kisheria kwa sababu zinapungua, na ufuo uleule wanautaka pia wenye mbwa na wenye farasi. Je, wanaweza kugawana? Mambo yafuatayo, kutoka Australia, Marekani, Uingereza, Afrika Kusini, Ghuba na pwani yetu wenyewe, yanatoa jibu lenye matumaini: ndege hawa hawaombi ufuo wote. Wanaomba tujue walipo.

KIOTA KISICHOJENGWA

Je, wajua kwamba vitwitwi wengi wanaozalia ufuoni hawaleti hata ujiti mmoja kujengea kiota? Ndege hulaza kifua juu ya mchanga, akazunguka huku akikwangua kwa miguu, mpaka pabaki kishimo kisichozidi kina cha kisahani cha chai. Humo hutagwa mayai mawili, matatu au manne, labda na vipande vichache vya kombe pembeni. Kazi imekwisha.

Wakati mwingine hata kukwangua hakuna haja. Kitwitwi mweupe wa pwani ya Pasifiki ya Marekani, ndege mwenye uzito wa gramu 40 hivi, hutumia kishimo anachokikuta tayari: wayo wa mtu, alama ya gurudumu au alama ya kwato ya farasi.

Chuchumaa hatua mbili kutoka kwenye kiota kama hicho, na jicho lako litapita juu yake mara tatu bila kuona kitu. Mayai yana rangi ya mchanga uleule, na madoa yake meusi ni kama vipande vya mwani mkavu. Hila hiyo imewafaa kwa maelfu ya vizazi dhidi ya kunguru na shakwe, ambao huwinda kwa macho. Haiwafai dhidi ya wayo, gurudumu au kwato inayoshuka bila kuangalia. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Kiota hiki kiko kwenye usiku huo hata jua likiwa la utosi.

KIFARANGA ANAYEJITAFUTIA TANGU SIKU YA KWANZA

Je, wajua kwamba kifaranga wa kitwitwi haletewi chakula na wazazi wake? Kama kifaranga wa kuku, hutoka kwenye yai macho yakiwa wazi na mwili umevaa manyoya laini, na baada ya saa chache tu anakimbia. Wazazi humpa joto, humlinda na kumtahadharisha kwa mlio. Kula ni juu yake mwenyewe.

Mchukue yule kitwitwi wa kusini mwa Australia mwenye kichwa cheusi, utadhani amevaa kofia. Mayai yake huatamiwa kwa takriban siku 28. Baada ya hapo kifaranga huhitaji wiki tano hivi kabla ya kuweza kuruka. Kwa wiki hizo tano ni kifundo cha pamba juu ya njiti mbili, na mara nyingi kwa siku hana budi kuteremka kutoka kwenye matuta hadi ukingoni mwa maji kutafuta wadudu na viumbe wadogo, kisha kurudi.

Kila mtu au mbwa anapopita, kifaranga hujibanza na kuganda. Akiganda, hali. Ufuo ukiwa na wapitaji tangu asubuhi hadi jioni, anaweza kudhoofika kwa njaa huku chakula kikiwa mita chache mbele yake, na hakuna aliyemgusa. Balaa jingine ni pale anapojibanza. Hupenda vibonde, na alama ya gurudumu ni kibonde kizuri sana, mpaka gari la pili lipite palepale lilipopita la kwanza.

Na kalenda nayo haimsaidii. Ndege huyo wa Australia huzaa kati ya Agosti na Machi, na katikati ya miezi hiyo ndimo zilimo likizo za kiangazi cha kusini, familia nzima zinapohamia pwani na mbwa wao.

MWIGIZAJI WA PWANI

Je, wajua kwamba ukimwona kitwitwi anayechechemea mbele yako huku bawa moja likiburura mchangani, yaelekea ndege huyo ni mzima kabisa? Ni mzazi mwenye mayai au makinda karibu. Anajifanya amevunjika bawa ili adui amfuate yeye, akimdhania windo rahisi. Adui akishavutwa mbali vya kutosha, mgonjwa hupona ghafla na kupaa.

Onyesho hilo linagharimu. Muda wote mzazi anapoigiza, mayai yako wazi. Mchanga wa adhuhuri huwa wa moto kiasi cha kumfanya mtu mzima arukeruke bila viatu, na uhai uliomo ndani ya yai huweza kuivishwa na jua hilo. Shakwe nao hawako mbali. Mbwa anayemfukuza ndege huyo kwa mchezo hana ubaya wowote moyoni. Anacheza tu, kama mbwa wote wachezavyo. Lakini akicheza nusu saa, na baada yake akaja mwingine, mayai yatakuwa yamekaa juani bila mwenyewe.

NDEGE ANAONA MBWEHA

Je, wajua kwamba kwa ndege, mbwa wako mpole uliyemlea tangu mtoto ni mnyama wa kuwinda tu? Ana umbo la mbweha, mwendo wa mbweha na pua ya mbweha. Watafiti wa Australia walilipima jambo hili katika misitu iliyo karibu na Sydney, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Katika njia walikopitishwa mbwa, idadi ya ndege walioonekana ilipungua kwa asilimia 41, na aina za ndege zikapungua kwa asilimia 35. Mbwa hao wote walikuwa wamefungwa kamba.

Mtu anaweza kusema basi kamba haina faida. Inayo, tena kubwa. Mbwa aliyefungwa huwashtua ndege walio karibu na njia ya bwana wake. Mbwa asiyefungwa huzunguka ufuo mzima, akaenda hadi kwenye matuta, akawainua ndege wote, wakatua, akawainua tena. Utafiti uliofanywa California na Kevin Lafferty, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kuwa mbwa huwashtua vitwitwi kupita idadi yao: ufuoni ni wachache kuliko watu, lakini sehemu yao katika usumbufu ni kubwa mno.

BINGWA ALIYEFUNZWA MCHANGANI

Je, wajua kwamba farasi aliyeshinda Melbourne Cup, shindano mashuhuri kuliko yote ya farasi nchini Australia, alijengwa nguvu kwenye fukwe wanakotaga vitwitwi? Mwaka 2015 Prince of Penzance aliwashangaza wote. Kwenye kamari alikuwa amepewa nafasi ya 100 kwa 1. Mgongoni alikuwa Michelle Payne, mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo akiwa mpanda farasi. Farasi huyo alikuwa amefanyishwa mazoezi kwenye fukwe na matuta ya Warrnambool, mji wa pwani katika jimbo la Victoria.

Wakufunzi wa farasi wana sababu za kuupenda ufuo. Mchanga mlaini hauumizi miguu kama uwanja mgumu. Kupanda matuta hujenga misuli. Maji ya chumvi, baridi na yenye mawimbi, huipoza miguu iliyochoka. Kwa farasi wanaochoshwa na kuzunguka uwanja uleule kila siku, bahari ni raha pia.

Baada ya ushindi huo macho yote yaligeukia mchanga wa Warrnambool, na ubishi ukapamba moto. Magharibi mwa mji kuna hifadhi ya pwani inayoitwa Belfast, inayofika hadi mji wa Port Fairy, na humo wanazalia wale vitwitwi wenye vichwa vyeusi. Jamii yao ya mashariki mwa Australia, inayokadiriwa kuwa na ndege 3,000 hivi tu, iliwekwa katika orodha ya kitaifa ya viumbe walio hatarini mwaka 2014. Upande mmoja walisimama watu waliozoea kuwaona farasi ufuoni tangu utotoni, na ajira zinazotokana na mazizi. Upande wa pili walisimama watu waliokuwa wakihesabu viota kila wiki na kujua kila jozi ya ndege ilipo.

Ndani ya ubishi huo ulikuwamo ukweli usiopendeza upande wowote. Farasi hawakuwa adui peke yao: mbwa, mbweha, kunguru, mawimbi makubwa na waogeleaji vyote vinachangia. Na ufuo haukuwa mtupu kama ulivyoonekana kutoka juu ya tandiko. Mjadala ukahamia kwenye maswali yanayojibika: farasi wangapi, saa ngapi, sehemu ipi, na wapite wapi. Farasi anayepita kwenye mchanga mgumu uliolowa, karibu na maji, hupita chini ya mahali viota vilipo. Farasi yuleyule akipandishwa mita ishirini juu, kwenye mchanga mkavu, anapita katikati ya chumba cha uzazi.

MBWA ALIYEGEUKA MLINZI

Je, wajua kwamba katika mji huohuo wa Warrnambool mbwa ndio waliowaokoa ndege? Mbele ya mji kuna kisiwa kidogo kiitwacho Middle Island, wanakozalia pengwini wadogo, ndege wa bahari wasioruka. Maji yakipwa sana, mkondo unaokitenga kisiwa na nchi kavu huwa na kina kifupi kiasi kwamba mbweha huvuka. Wakavuka. Pengwini waliokuwa mamia wakaishia chini ya kumi mnamo mwaka 2005.

Mfugaji mmoja wa kuku wa eneo hilo, Allan Marsh, aliyejulikana kwa jina la Swampy, alikuwa akiwalinda kuku wake dhidi ya mbweha kwa kutumia mbwa wa Maremma. Hao ni mbwa wakubwa weupe kutoka Italia, ambako kwa karne nyingi wamekuwa wakilala na kondoo malishoni na kuwafukuza mbwamwitu. Likatoka wazo: kama mbwa huyu anaweza kumlinda kuku, kwa nini asimlinde pengwini? Mwaka 2006 mbwa wa Marsh aitwaye Oddball akapelekwa kisiwani.

Baadaye mbwa wengine wa aina hiyo wakazoeshwa pengwini tangu wakiwa wadogo, mpaka wakawahesabu kuwa kundi lao. Harufu yao na kubweka kwao vilitosha kumfanya mbweha abaki ng'ambo. Pengwini wakaongezeka tena hadi kupita mia. Mwaka 2015, mwaka uleule wa ushindi wa Prince of Penzance, ikatoka sinema kuhusu kisa hicho, jina lake Oddball. Na thamani ya walinzi hao ilionekana kwa uchungu mwaka 2017, pale bahari iliyochafuka ilipozuia mbwa kupelekwa kisiwani kwa muda. Mbweha wakarudi, wakaua.

Mbwa anayewatawanya vitwitwi na mbwa anayewalinda pengwini ni wa jamii moja. Tofauti yao ni malezi waliyopata.

KAMBA, VIGINGI NA MTU WA KUULIZWA

Je, wajua kwamba ndege walioacha kuzaa kwenye ufuo mmoja kwa miaka 30 walianza tena kwa msaada wa kamba na watu wa kujitolea tu? Karibu na Santa Barbara, California, kuna hifadhi ya Coal Oil Point inayosimamiwa na chuo kikuu. Kwa takriban miongo mitatu vitwitwi weupe walifika hapo kupumzika, lakini hawakuzaa. Mwaka 2001 wasimamizi walipigilia vigingi, wakazungusha kamba kwenye sehemu ya mchanga mkavu, na wakaweka watu wa kujitolea karibu yake. Ufuo haukufungwa. Watu waliendelea kuteleza juu ya mawimbi, na njia ya kutembea ukingoni mwa maji ilibaki wazi.

Kazi ya mtu wa kujitolea haikuwa kukemea. Alikuwa na darubini, na kila aliyepita aliweza kuinama na kumwona kwa jicho lake yule ndege wa gramu 40 ambaye sekunde moja kabla alikuwa jiwe tu. Aliyekuja na mbwa aliombwa amfunge. Usumbufu ukapungua, ndege wakaongezeka, na makinda yakaanza tena kuanguliwa mahali ambapo wengi walidhani uzazi umekwisha kabisa.

PAA LA MBAO MBILI

Je, wajua kwamba nyumba ya kumwokoa kifaranga inaweza kujengwa kwa dakika chache? Kwenye fukwe za Australia, watu wa kujitolea huweka vibanda vidogo vya mbao vyenye umbo la paa, vibao viwili vilivyoegemeana, katika maeneo yenye makinda. Kifaranga akiona kivuli cha shakwe au akisikia mlio wa hatari wa mzazi, hukimbilia humo. Mchana wa joto hupata kivuli. BirdLife Australia, shirika lililoanza mpango wake wa ndege wanaozalia ufuoni mwaka 2006, limewafunza watu wa kawaida wa pwani kuweka vibanda hivyo, kamba na mabango, na kufuatilia kila kiota kuanzia yai hadi siku ya kuruka.

KUGAWANA KWA KALENDA

Je, wajua kwamba njia mojawapo ya kugawana ufuo ni zamu? Katika ghuba ya Delaware, upande wa New Jersey nchini Marekani, fukwe kadhaa hufungwa kuanzia tarehe 7 Mei hadi 7 Juni. Ni mwezi mmoja tu, lakini ndio wenyewe. Wakati huo mnyama wa bahari mwenye gamba lililopinda kama kwato ya farasi, ambaye kwa ukoo yuko karibu na buibui kuliko kaa, hupanda mchangani kutaga mamilioni ya mayai. Ndege wa pwani wanaotoka ncha ya kusini ya Amerika kwenda kuzaa Aktiki hutua hapo wakiwa wamekonda, na kwa wiki mbili hivi za kula mayai hayo huongeza uzito wao karibu mara mbili. Mbwa akiwafukuza siku hizo, anafukuza mafuta ya safari. Ikifika tarehe 8 Juni, mtu anarudi na mbwa wake na hakuna aliyepoteza ufuo.

Huko Holkham, katika mkoa wa Norfolk nchini Uingereza, askari farasi wa walinzi wa ufalme wamekuwa na desturi ya kwenda kiangazi kuwaogesha farasi wao baharini, wengine wakipanda bila tandiko. Ufuo huohuo ni hifadhi ya taifa yenye vitwitwi na ndege wengine wanaozalia mchangani. Sehemu za viota huzungushiwa uzio msimu wa kuzaa, na nafasi iliyobaki inatosha kwa kwato za kikosi kizima.

SIKU KUMI NA MOJA BILA KUTUA

Je, wajua kwamba ndege wa pwani anayekula kimya kwenye tope huenda anajiandaa kwa safari isiyo na kituo? Mwezi Oktoba 2022, ndege kijana wa jamii ya karibu na sululu, mwenye umri wa miezi mitano hivi, aliondoka Alaska akiwa na kifaa kidogo cha setilaiti mwilini. Akatua Tasmania, kusini mwa Australia, baada ya siku 11 na kilomita 13,560. Hakula wala hakunywa njiani, na hawezi kutua juu ya bahari kwa kuwa yeye si ndege wa kuogelea.

Ndege wa namna hiyo hupima chakula kama rubani apimavyo mafuta. Kila anapoinuliwa na mbwa au farasi, akazunguka na kutua tena, anatumia sehemu ya akiba aliyoiweka. Mara moja si neno. Mara kumi kwa siku, kwa mwezi mzima, ni suala la kufika au kutofika.

MTU WA GHUBA ANAYETUTEMBELEA

Je, wajua kwamba yuko ndege wa pwani anayechimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe? Ni yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi kama koleo, anayevunja kaa kwa pigo moja. Huzalia visiwa na fukwe za Ghuba, Bahari ya Shamu na bahari ya Arabuni. Yai lake ni jeupe kwa kuwa halina haja ya kujificha: liko gizani chini ya ardhi, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Mbwa, paka na panya wakifika kwenye makoloni hayo, shimo huwa mtego, kwa kuwa kinda hana mlango wa pili.

Msimu wa kuzaa ukiisha, ndege hao hufuata pwani kuja kusini hadi kwetu. Njia yao haiko mbali na ile ambayo majahazi ya Ghuba yaliifuata kwa karne nyingi, yakisukumwa na pepo za kaskazi. Hori la Mida, karibu na Watamu nchini Kenya, ni mahali maarufu pa kuwaona. Wanafika na makinda yao, na hata huku ugenini kinda aliyekwisha kuwa mkubwa bado humfuata mzazi akimlilia ampe kaa. Delta ya Rufiji nchini Tanzania nayo huwapokea vitwitwi na sululu wengi mno kila mwaka. Tangu 2004 iko ndani ya eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa lililoandikishwa chini ya mkataba wa Ramsar wa ardhioevu.

Wako pia wenyeji wa kudumu. Kitwitwi mwenye paji jeupe huzalia kwenye mchanga wa pwani zetu, na anapotoka kiotani huyafukia mayai yake kiasi kwa mchanga. Adui zake tunawajua: mbwa wazururao, nyayo zetu, na kunguru weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa kutoka Bara Hindi, ambao huvutwa ufuoni na mabaki ya chakula tunayoyaacha.

MAGARI YALIPOONDOKA

Je, wajua kwamba Afrika Kusini iliwahi kuwa na mazoea ya kuendesha magari ufuoni kwa starehe, kisha ikayakataza? Kanuni zilitolewa mwaka 2001. Ndege mmoja mweusi mwenye mdomo na miguu myekundu, anayezalia mchangani kiangazi na kula kome, alikuwa katika hali ya mashaka. Baada ya magari kuondoka makinda mengi zaidi yalifikia kuruka, idadi ikapanda, na leo ndege huyo hahesabiwi tena miongoni mwa wanaokaribia hatari. Watu wa pwani waliendelea kufika ufuoni vilevile. Walikwenda kwa miguu.

NDEGE ANAYEITWA IMANI

Je, wajua kwamba mmoja wa ndege wanaopendwa sana jijini Chicago ana jina la Kiswahili? Ufuo wa Montrose, kando ya ziwa Michigan, una kila kitu: waogeleaji, wacheza voliboli, na sehemu rasmi ya mbwa kukimbia bila kamba. Mwaka 2019 jozi ya vitwitwi waliopewa majina Monty na Rose wakaweka kiota hapo, jambo ambalo halikuwa limeonekana jijini kwa miongo mingi. Hao ni wa jamii ya Maziwa Makuu ya Amerika, ambayo wakati fulani ilishuka hadi jozi zisizofika 20. Tamasha kubwa la muziki lililopangwa ufuoni mwezi Agosti mwaka huo likafutwa. Watu wa kujitolea wakapeana zamu za kulinda kiota tangu asubuhi hadi jioni, na sehemu ya mbwa ikaendelea kuwapo mahali pake.

Mwaka 2021 jozi hiyo ikapata makinda tena, na mmoja akaitwa Imani. Mei 2022 Monty akafa palepale ufuoni, na Rose hakurudi. Siku chache baadaye Imani akatua Montrose, peke yake. Alikwangua vishimo mchangani, akaita, hakupata mwenzi. Mwaka uliofuata hali ikawa ileile. Lakini mwaka huohuo wa 2023 vifaranga waliolelewa na wataalamu wakaachiliwa huru kwenye ufuo huo, na mmoja wao, jike aitwaye Searocket, akarudi mwaka 2024. Yeye na Imani wakapata mayai, na kinda mmoja, Nagamo, akafikia kuruka.

Ndege huyo alisubiri miaka miwili kwenye ufuo wa jiji lenye mamilioni ya watu, na ufuo ulikuwa bado unamngoja. Aliyempa jina hakukosea.

UKIWA UFUONI

Kwa hiyo ukienda pwani na mbwa, mfunge kamba unapoona ndege wametulia kwenye mchanga, na mfungue mbele zaidi, palipo wazi. Ukiwa juu ya farasi, ngamia au punda, pita kwenye mchanga mgumu uliolowa, na uuachie wenyewe mchanga mkavu wa juu. Ukibeba chakula, rudi na mabaki, kunguru wasipate sababu ya kukufuata. Kundi la vitwitwi likiwa mbele yako, zunguka nyuma yao badala ya kupita katikati.

Na ukimwona ndege mdogo akichechemea mbele yako huku bawa likiburura, usimfuate na usimwonee huruma. Simama. Mwite mbwa wako. Tazama chini, kila upande, kabla ya kunyanyua mguu, kwa maana kiota kiko karibu nawe. Kisha geuka, urudi ulikotoka kwa kukanyaga nyayo zako zilezile. Ukitazama nyuma utamwona bawa limeshapona, na yeye anakimbilia mahali ambapo macho yako hayaoni chochote isipokuwa mchanga.